Miguu Isiyo na Vumbi

Wengi wenu mnaijua picha ya namna hii, hata kama hamjui jina la aliyeichora. Imetundikwa katika nyumba za Wakristo, katika vyumba vya katekisimu, na kwenye kalenda zinazouzwa sokoni mwisho wa mwaka. Msichana mdogo wa Ulaya amesimama malishoni, au ameketi ukingoni mwa msitu. Macho yake ni makubwa na matulivu. Nguo yake ni ya kimaskini, lakini haina doa. Nyuma yake kuna majani mabichi, mawingu mepesi, labda kondoo wawili watatu. Naye hana viatu.

Katika parokia moja ya Uvira tuliiona picha hiyo ukutani mwa ukumbi. Mama mmoja muuza ndagala alikuwa ameketi chini yake, akingoja mkutano uanze. Aliitazama kwa muda mrefu, halafu akamwuliza katekista: "Baba Katekista, mtoto huyu ni wa nani? Anatembea miguu mitupu, wala hana vumbi. Leo hajatumwa maji?" Watu wakacheka. Katekista naye akacheka, akasema: "Mama, pengine kwao maji yako ndani ya nyumba."

Mkutano ulianza, maneno yakapita. Lakini swali la mama yule halikututoka moyoni. Maana picha ukutani si pambo tu. Mtoto akiitazama kila Jumapili tangu utoto wake, humfundisha, hata kama hakuna mtu anayefungua kinywa. Basi yatupasa kuuliza: picha hizi za watoto wazuri katika nchi nzuri zinatufundisha nini? Na je, ni kweli?

Kwanza tumjue mchoraji. Wapo wengi waliochora hivyo katika Ufaransa ya karne ya 19, lakini mkubwa wao ni William Bouguereau. Alizaliwa La Rochelle, mji wa pwani, mwaka 1825. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12 alipelekwa Mortagne kukaa kwa ami yake Eugène, aliyekuwa padri. Huko alijifunza kupenda vitabu, sala, na mashamba. Baadaye akaingia chuo kikuu cha sanaa cha Paris, na mwaka 1850 akapata tuzo la Roma, lililowapeleka vijana hodari Italia wakajifunze kwa mabwana wa kale. Mwaka 1876 akaingizwa katika Académie des Beaux-Arts, baraza la wazee wa sanaa wa Ufaransa. Alikufa mwaka 1905, akiacha picha zaidi ya 800.

Wazee wa baraza hilo walikuwa na sheria zao. Kila mwaka Paris ilikuwa na maonyesho makubwa yaliyoitwa Salon, na waamuzi walichagua picha gani iingie na ipi irudi nyumbani. Tena walizipanga picha kwa vyeo. Juu kabisa ziliwekwa picha za Maandiko Matakatifu, za hadithi za Wagiriki na Warumi, na za vita. Chini yake sura za watu wakubwa. Chini zaidi maisha ya kila siku ya wakulima na watoto. Kisha milima na mito. Na mwisho matunda na vyungu vya mezani. Kwa hiyo mtoto na nchi, vitu viwili tunavyovisema leo, vilikuwa karibu na mkia wa safu. Lakini kumbe, matajiri wa Marekani na Uingereza walipenda hasa picha hizo. Bouguereau alipata heshima kwa picha kubwa, na soko kwa watoto.

Sasa tuitazame picha yenyewe, tusiihukumu kwa kusikia. Mwaka 1882 alichora ile iitwayo Les Noisettes, ambayo leo iko katika jumba la sanaa la Detroit, Marekani. Wasichana wawili wamepumzika juu ya majani. Wamekusanya njugu za msituni zenye ganda gumu, ambazo Wafaransa huziita noisettes, nao wanazitazama mkononi kama hazina. Mwaka 1885 alichora msichana mchunga kondoo. Amesimama peke yake, mkubwa katika picha, na kondoo wako mbali nyuma yake.

Kazi hiyo si ya kudharauliwa. Bouguereau alichora kwanza kwa kalamu, mkono kwa mkono, kidole kwa kidole, kabla ya kugusa rangi za mafuta. Alizilainisha rangi zake hata alama ya brashi isionekane. Ngozi ya mtoto katika picha zake yaonekana kuwa na damu ya moto chini yake. Na tena tuone jambo hili: katika zamani ambapo wachoraji wengi waliwapa ukubwa wafalme na majemadari, yeye alimpa mtoto wa mkulima turubai nzima, akamsimamisha wima, akamwacha atutazame usoni bila haya. Sisi Wakristo twajua ni nani aliyemweka mtoto mdogo katikati ya mitume waliokuwa wakibishania ukubwa. Katika jambo hilo Bouguereau alifuata njia njema.

Lakini tuendelee kutazama. Nchi iliyo nyuma ya mtoto inafanya nini? Haifanyi kitu. Hainyeshi, haiunguzi, haina matope wala miiba. Mchungaji hachungi, maana kondoo hawamsumbui. Wasichana wa njugu hawakuchanwa na matawi. Nchi imekuwa pazia la kijani lililotundikwa nyuma ya mtoto ili apendeze zaidi. Mama yule wa ndagala hakusoma vitabu vya sanaa, lakini aliona mahali penyewe penye kasoro: miguu. Mtu anayekwenda miguu mitupu huandikwa na nchi miguuni. Mwenye kuchora miguu mitupu isiyo na vumbi ameondoa nchi katika picha, hata akiijaza majani.

Wala tusidhani kwamba watoto wa Ufaransa waliishi hivyo. Mwaka 1841 sheria ililazimika kukataza viwanda vikubwa kuajiri watoto wenye umri chini ya miaka 8. Sheria haikatazi jambo lisilofanyika. Mwaka 1874 umri ukapandishwa hadi miaka 12, pamoja na ruhusa za pembeni. Na mwaka 1882, mwaka ule ule wa Les Noisettes, ndipo shule ilipofanywa ya lazima kwa watoto wote wa miaka 6 hadi 13. Maana yake, tajiri aliyeinunua picha ya mtoto aliyepumzika msituni aliishi katika zamani ambapo watoto wengi hawakupumzika. Picha ilimwambia: usihangaike, maskini wako salama, jua linawaangazia. Hilo ndilo neno tunaloliogopa.

Hata kwetu miaka hiyo ilikuwa na watoto wake. Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe, walifungua misioni ya Mulweba katika nchi ya Masanze mwaka 1880, na ya Kibanga mwaka 1883, upande wa magharibi wa ziwa letu, kusini ya Uvira. Huko walikusanya watoto waliokombolewa katika mikono ya wafanyabiashara wa watumwa. Wasichana wa Bouguereau wakihesabu njugu, watoto wa ziwa letu walihesabiwa wao wenyewe, kwa vitambaa na shanga. Hatusemi hayo ili kumlaumu mchoraji wa Paris kwa jambo asiloliona. Twasema tu kwamba utoto wa karne ile ulikuwa na nyuso nyingi, na uliofika kwenye kalenda zetu ni uso mmoja.

Je, mchoraji wa zamani zile angeweza kufanya namna nyingine? Angeweza, na yupo aliyefanya. Jules Bastien-Lepage alizaliwa mwaka 1848 katika kijiji cha Damvillers. Naye alisoma katika chuo kile kile cha Paris, akashindania tuzo la Roma asilipate, akarudi kuchora watu wa kijijini kwao. Mwaka 1881 alichora picha iitwayo Pauvre Fauvette, yaani Kindege Maskini, ambayo leo iko Glasgow. Msichana mdogo amesimama karibu na mti usio na majani. Amejifunika kitambaa kizito kama gunia tangu kichwani. Kazi yake ni kulinda ng'ombe, na ng'ombe yupo, anakula. Mbele yake kuna mimea ya miiba. Mbingu ni ya kijivu. Mtoto anatutazama, na macho yake hayatuombi tumsifu.

Katika picha hiyo nchi si pazia. Baridi imeingia katika namna anavyojikunja, na kwa sababu hiyo twamwona mtoto zaidi, wala si kidogo. Ni mzuri, lakini uzuri wake haukununuliwa kwa kuficha kazi yake. Tungalimwonyesha mama wa ndagala picha hiyo, twadhani asingaliuliza mtoto huyu ni wa nani. Angalisema: mleteni karibu na moto. Bastien-Lepage alikufa mwaka 1884, akiwa na miaka 36 tu.

Hapa tungeweza kumaliza, tukisema: huyu wa pili ni mkweli, yule wa kwanza ni mwongo. Wachoraji wapya wa Paris walisema karibu hivyo. Walimcheka Bouguereau, na baada ya kifo chake picha nyingi zake ziliwekwa stoo kwa miaka mingi. Mwaka 1984 tu ndipo Paris ilipomfanyia tena maonyesho makubwa. Lakini hukumu ya haraka si hukumu ya haki. Tufungue mlango wa nyumba yake.

Bouguereau na mkewe Nelly walizaa watoto watano. Mwaka 1866 alikufa Jeanne, msichana mdogo. Mwaka 1875 alikufa Georges, kijana wa miaka 16. Mwaka 1877 alikufa Nelly mwenyewe, na miezi michache baadaye mtoto mchanga Maurice. Mwaka 1900 alikufa Paul. Baba alizika watoto wanne kati ya watano. Mtu huyo ndiye aliyechora mashavu yale mazima na macho yale matulivu.

Tukijua hayo, picha ya njugu yabadilika mbele yetu. Si habari ya watoto walivyo. Ni tamaa ya baba: laiti wangekaa hivi, juani, bila homa, bila kuitwa na mtu yeyote. Wazazi wa Uvira wanaielewa tamaa hiyo kuliko wataalamu wengi. Aliyelala usiku kucha kando ya mtoto mwenye kipindupindu anajua ni kitu gani kumwona mtoto wake ameketi tu, mzima, akicheza na njugu.

Lakini tamaa, hata iwe takatifu, si yote aliyokuwa nayo mtu huyo. Mwaka 1876, baada ya kifo cha Georges, alichora Pietà, Bikira Maria akimkumbatia Mwanae aliyekufa. Na mwaka 1877 akachora ile iitwayo Vierge consolatrice, Bikira Mfariji. Bikira ameketi, amevaa nguo nyeusi, ameinua mikono na macho yake mbinguni. Mama mmoja amejitupa magotini pake, hana nguvu tena. Chini, juu ya jiwe, amelala mtoto mchanga aliyekufa, na maua ya waridi karibu naye.

Katika picha hiyo hakuna msitu wala kondoo. Kuna maua machache yaliyokatwa, basi. Hata hivyo, kwa maoni yetu, ndiyo picha yake ya kweli zaidi kuhusu mtoto na nchi. Maana hapo alikubali kusema kwamba nchi hutoa na nchi hutwaa, kwamba mtoto si ua la kupamba sebule, ila ni mwili unaoweza kupoa. Ufundi wake ni ule ule, na ngozi ni laini vile vile. Lakini safari hii ulaini haufichi kitu. Unatuumiza, kwa sababu tunajua mtoto huyo alipendwa. Kumbe mkono wake haukushindwa kusema kweli. Alichagua mara nyingi kupumzika na kweli, na wanunuzi walimlipa vizuri apumzike.

Basi turudi ziwani. Sisi wa Uvira hatuwezi kuichukua nchi kama pazia. Milima ya Mitumba imesimama mgongoni petu, na ziwa liko miguuni petu. Katikati ni kipande chembamba cha udongo tunachojenga juu yake. Usiku usio na mwezi wavuvi hutoka na taa, na ndagala huufuata mwanga hata nyavuni. Asubuhi watoto huanika samaki juu ya mchanga, huwafukuza ndege, hupanda na bidoni za maji kichwani. Nchi hii hutulisha. Lakini katika Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na mawe kutoka mlimani, ukabomoa maelfu ya nyumba, na makumi ya watu wakafa. Na maji yale yale ya ziwa anayoogelea mtoto akicheka ndiyo yameleta kipindupindu mara nyingi. Anayetaka kuchora mtoto wa Uvira pamoja na nchi yake hana budi kuchora urafiki na hatari katika turubai moja.

Na hapa ndipo ilipo hatari ya picha ya kalenda, ikibaki peke yake ukutani. Haimfundishi mtoto uwongo juu ya Ufaransa tu. Yaweza kumfundisha kwamba mtoto asiye na hatia ni mweupe, msafi, asiye na kazi. Kwamba Mungu humtazama mtoto wa namna ile, naye mwenye harufu ya samaki atatazamwa akishaoga. Hakuna padri wala katekista aliyewahi kulisema neno hilo. Lakini ukuta umelisema kila Jumapili, na mtoto amesikia. Mzazi naye hufundishwa. Akizoea kwamba utoto ni usafi na utulivu, atakapomwona mwanawe amechoka na mzigo hatasema: utoto wake unalemewa, nimpunguzie. Atasema: huyu si mtoto tena.

Hatusemi picha iondolewe. Mwenye kuitupa atakuwa amemtupa baba mwenye huzuni pamoja na tajiri aliyemlipa. Twasema isikae peke yake. Parokia yenye uwezo wa kupata nakala moja ya Bikira Mfariji na iitundike mahali wanapokutana akina mama. Wengi wao wataielewa bila maelezo. Katekista akiwa na picha ya Kindege Maskini, aiweke karibu na ile ya kalenda, awaulize watoto: yupi kati ya hawa ametumwa kazi leo? Mmejuaje? Mtoto aliyejifunza kuitazama picha hivyo atajifunza pia kumtazama jirani yake.

Tena Kongo haikukosa wachoraji. Mwaka 1943 Frère Marc Wallenda alianzisha shule ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi, ambayo baadaye ilihamia Kinshasa ikawa chuo cha sanaa cha nchi. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wala hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Kutoka huko alitokea Pilipili Mulongoy, aliyechora samaki na ndege, kila gamba na kila unyoya, wakiwindana na kulana. Katika picha zake nchi haikai kimya hata kidogo. Hakumwiga Bouguereau, naye ni fundi kwa haki yake.

Kwa hiyo twawaomba walimu na wakuu wa parokia za pwani ya ziwa: Jumamosi moja wapeni watoto makaa na karatasi, na waambieni wachore miguu yao wenyewe na mahali iliposimama leo. Msiwasahihishe sana. Kisha zitundikeni picha hizo ukumbini, pande zote mbili za msichana wa Ufaransa, ili asiwe peke yake. Na mama wa ndagala akija tena mkutanoni, mwacheni akae pale pale chini ya ukuta, atazame, aulize anayotaka.